Mpunga Alioupanda Mzee Masanja

Nimelima mpunga Usangu miaka mingi bila kugombana na mtu, hadi asubuhi niliyokuta miche yangu imeliwa, jaruba zima limejaa alama za kwato. Sikuuliza mtu. Jirani yangu, Mzee Masanja, ni mfugaji mwenye ng'ombe wengi, na mimi nina maksai wawili tu wa kulimia. Nikaenda kwake na wanangu, nikamfokea kama ninayemfokea mtoto.

Mzee akavua kofia. "Baba Neema, nisamehe. Nitapanda upya."

Kesho yake aliingia topeni mwenyewe, akapanda jaruba zima. Mimi, bwana shamba wa kujiteua, nilikaa kwenye tuta nikimwonyesha mistari iliyopinda. Jumapili nikawasimulia wenzangu nje ya kanisa jinsi nilivyomnyoosha.

Wiki tatu baadaye nilimkuta maksai wangu mmoja katika jaruba lile lile, kipande cha kamba aliyoikata kikining'inia shingoni. Mzee Masanja alikuwa akipita njiani, akasimama.

"Mzee, hata siku ile alikuwa huyu?"

"Siku ile wangu walikuwa joshoni tangu alfajiri, wakiogeshwa dawa ya kupe," alisema taratibu.

"Sasa mbona uliomba msamaha?"

"Ulikuja na watoto wako. Ningekuaibisha mbele yao, leo tungesalimiana?"

Nilikuwa nimeshika ile kamba, na maksai wangu alikuwa bado anatafuna mpunga alioupanda mzee kwa mikono yake.