Pumzi aliyoizuia Nagamani kwa miaka ishirini na mitatu

Saa mbili na robo asubuhi, Nagamani anakunja miguu sakafuni mbele ya ubao wake, analowesha vidole na kumega donge la unga mweusi wa mkaa, dogo kama kunde. Kiganja kinakwenda mbele mara moja, kinarudi, na kijiti cha mwanzi kimekwisha kuvishwa. Anakivingirisha kwenye unga mkavu, anakilaza kando. Kabla ya kumega donge la pili anageuza uso pembeni na kushusha pumzi ndefu.

Wanawake kumi na wanane wamekaa safu mbili katika karakana hii ya udi wa vijiti mjini Mysuru, kusini mwa India. Feni ipo darini, lakini haiwashwi. Unga ule mkavu ni mwepesi kuliko vumbi, na anayeupeperusha husikia maneno.

"Siku hizi anapumua kama treni inayopanda mlima," anasema Noorjan, anayekaa ubao wa kushoto, bila kuinua macho. "Zamani ulikuwa hujui hata kama yupo."

Nagamani anacheka na kuendelea na kazi. Ana miaka arobaini na mmoja. Alianza kuvingirisha udi akiwa na kumi na minane, akifundishwa na shangazi yake, na kwa mkono wake huu anamsomesha binti yake wa pekee, Pallavi, aliye mwaka wa pili katika chuo cha ualimu.

Katika miaka yake mizuri alifikisha vijiti elfu nne kwa siku. Januari ya mwaka jana mgongo ulianza kuuma, chini kabisa, upande wa kulia. Kufika Machi alikuwa anatoa elfu moja na mia tano, tena kwa kusimama kila baada ya nusu saa na kujishika kiuno. Malipo ni kwa kila elfu, kwa hiyo nyumbani mboga ilipungua. Ugali wa ulezi ulibaki palepale, mchuzi wa dengu ndio uliozidi kuwa maji.

Msimamizi wa karakana, Bwana Basavaraju, si mtu mbaya. Hilo Nagamani analirudia mara tatu. Lakini udi ulikuwa unatakiwa, na kulikuwa na wanawake mlangoni wanaotafuta nafasi. Akampa muda hadi siku ya kuviombea vyombo vya kazi, mwishoni mwa sikukuu ya Dasara, ambapo kila mfanyakazi huosha chombo chake, hukipaka unga mwekundu na kukivisha maua.

"Dada Mani," alimwambia, "siku hiyo ubao huu utapakwa na mtu anayeweza kuukalia. Nakuomba awe wewe."

Daktari wa zahanati alimwambia apumzike na anyooshe viungo. Kupumzika hakukuwezekana, basi akachagua la pili. Pallavi akamtafutia masomo ya yoga kwenye simu. Kila alfajiri Nagamani aliiegemeza simu kwenye gunia la mchele, akatandika shuka kati ya jiko na mlango, na kufuata alichoambiwa. Miezi mitatu hakukosa siku hata moja.

Majirani walimwambia aende kwa mwalimu. Hakutaka. Nyayo zake zimepasuka na zimeshika weusi wa mkaa usiotoka kwa sabuni, na mbele za watu yeye ni mwenye haya tangu utotoni.

"Simu haikucheki," anasema. "Ukianguka, inaendelea kuhesabu tu."

Mwezi Juni, akiwa ameinama kushika vidole vya miguu, mgongo ulikaza na kugoma kurudi. Pallavi na jirani walimbeba hadi kitandani akiwa amekunjika vilevile. Alilala siku nne akitazama ukuta. Aliamini kwamba yoga ni ya watu wasio na kazi, na kwamba ubao wake umekwenda.

Noorjan ndiye aliyemtoa kitandani. Wifi yake alikuwa amepona magoti kwa Mwalimu Vishalakshi, mstaafu wa ofisi ya simu mwenye miaka sitini na minane, anayefundisha majirani yoga barazani kwake kama alivyofundishwa na baba yake. Noorjan alimsindikiza Nagamani hadi getini na kusimama hapo mikono kiunoni.

"Geuka urudi uone, shoga. Nitawaambia wote kazini kwamba umemkimbia bibi mwenye miwani."

Nagamani akaingia.

Mwalimu hakumfundisha kitu siku hiyo. Alimwambia aonyeshe anayoyajua, polepole, asilazimishe mgongo. Nagamani aliyafanya yote, na mwalimu alikaa pembeni akimzunguka kwa macho. Mwisho akasema mikono iko sawa, miguu iko sawa, na aliyemfundisha kamfundisha vizuri. Nagamani akakiri kwa aibu kwamba ni simu.

"Haidhuru. Unapoinama, mwanangu, pumzi unaipeleka wapi?"

"Naitoa nje, Mwalimu. Sauti ya kwenye simu inasema itoe, nami naitoa."

"Hujaitoa. Nimekutazama mara sita. Unaifunga kifuani, unashuka nayo, unapanda nayo."

Nagamani alibisha. Anasema ilikuwa mara ya kwanza maishani kumbishia mtu aliyemzidi umri. Angeweza kuapa mbele ya madhabahu kwamba anapumua. Mwalimu hakubishana naye. Alimuuliza anafanya kazi gani, kisha akamwomba aonyeshe kwa vitendo, hapo sakafuni, bila ubao wala kijiti. Nagamani akakunja miguu, akainamia kazi isiyokuwepo, viganja vikaenda na kurudi. Mwalimu akamwambia kesho aje na unga ule mkavu, kiasi cha ngumi moja.

Kesho yake Mwalimu Vishalakshi alitandika jani la mgomba sakafuni na kuumwaga unga juu yake. Akamwambia Nagamani ainame hadi uso ukaribie jani, kisha aupulize wote.

Hakuweza. Alijua anachotakiwa kufanya, na unga haukuwa na mwenyewe wa kugomba. Lakini kila alipoukaribia, koo lilijifunga lenyewe. Alijaribu mara ya pili, ya tano. Miaka ishirini na mitatu alikuwa ameinama juu ya unga huo kwa kuzuia pumzi usipeperuke, mara elfu nne kwa siku, na mwili wake ulikuwa umeshajiamulia kwamba kuinama ni kutopumua.

"Shangazi hakuniambia nizuie," anaeleza. "Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa sijui kama ninafanya hivyo. Sasa simu ingejuaje?"

Mara ya saba kitu kilifunguka. Unga ukaruka, ukawajaa wote wawili usoni, ukaingia kwenye miwani ya mwalimu. Nagamani alianza kuomba radhi na kufuta sakafu kwa ncha ya sari. Mwalimu akamshika mkono, uso wake mweusi tii.

"Acha kufuta," alisema. "Inama tena."

Tangu siku hiyo alikwenda barazani kila alfajiri kabla ya kazi. Somo lilikuwa lilelile la simu, ila lilikwenda nusu ya mwendo. Kazini alijizoeza kugeuza uso baada ya kila kijiti na kutoa pumzi kando ya unga. Agosti alifikisha elfu mbili na mia tano. Septemba, elfu tatu na mia tatu.

Siku ya kuviombea vyombo ilipofika, Bwana Basavaraju alipita safu kwa safu na sinia la unga mwekundu. Mbele ya Nagamani alisimama, akalishusha sinia, akasema kwa sauti ya kawaida, "Haya, paka ubao wako." Nagamani akapaka. Noorjan ndiye aliyemshikia maua.

Wiki mbili baadaye mwalimu aliwaambia wanafunzi wake kwamba anahamia mji wa Hubballi, kwa mwanawe. Nagamani alimpelekea tambuu, popoo na nazi, akainama kugusa miguu yake. Mwalimu alimwacha ainame, akasikiliza, na alipoinuka alimwambia tu kwamba pumzi imetoka yote.

Sasa Nagamani amerudi kwenye shuka na simu, kati ya jiko na mlango. Hana kinyongo na simu. Anasema ndiyo iliyomzoesha kuamka na kumpa ujasiri wa kuanza, na bila hiyo asingekuwa na chochote cha kumwonyesha mwalimu. Lakini Jumamosi, saa ya chakula, yeye na Noorjan husogeza mbao ukutani. Mmoja anafanya, mwingine anatazama. Noorjan, anayelalamika kwamba magoti yake yanalia kama mlango, hutazama kwa ukali kuliko msimamizi, na wanawake wengine wanne wameomba zamu.

Mwalimu Vishalakshi ameahidi kuja kuwatembelea mwaka mpya wa Ugadi, na Nagamani anahesabu wiki.

"Natumaini atanikuta na kosa jipya," anasema, akivingirisha kijiti kingine. "Akinikuta na lilelile la zamani, nitajua Noorjan alikuwa anakula tu badala ya kunitazama."