Koleo Chini ya Maandazi

Zipu ndiyo niliyoisikia kwanza, mwanangu, nikiwa bado jikoni. Inapanda, inagoma, inarudi. Sikuhitaji kuja chumbani kuliona shanta lako. Mlio ule naujua. Ulikuwa wangu siku ile nisiyoisahau, nikiwa na umri kama wako, hapa hapa mtaani kwetu Barking.

Nilikuwa nakwenda Uskoti kwa mara ya kwanza, kupanda mlima wa theluji kwa ski, zile mbao ndefu za kuvaa miguuni, na kuteremka pasipo na njia wala lifti. Kiongozi wetu alikuwa Mzee Bahati, Mkongo wa Bukavu, fundi wa ski katika duka moja la Stratford, mtaa wa jirani. Aliniazima ski, akanichagulia viatu. Mimi nilitaka vyekundu, yeye akanivalisha vya kijivu vilivyonikaa. Kufunga mzigo tu hakunifundisha, alidhani najua. Nami nikafunga kama sisi Wapemba tunavyofunga tukienda kwetu: vizito chini, zawadi juu, na nafasi ikibaki inajazwa. Mama akaongeza blanketi, thamosi ya chai, na maandazi ya kulisha mtaa.

Asubuhi, chini ya mlima, Mzee Bahati alifukia mkoba kwenye theluji. Ndani alitia kile kifaa kidogo tunachokivaa kifuani, kinachotuma ishara ili vifaa vya wenzako vikupate theluji ikikuporomokea.

"Mwenzako yuko chini," akaniambia. "Mchimbue."

Kifaa changu kilimpata upesi. Lakini koleo la kuchimbulia lilikuwa chini kabisa ya shanta. Nikatoa blanketi. Nikatoa thamosi. Maandazi yakamwagika, yakabingirika mteremko mzima, wenzangu wakacheka hata wakakaa chini.

"Mama, umekuja kuokoa mtu ao kufungua hoteli?" Mzee Bahati, ambaye kwake kila msichana ni "Mama", hakucheka. Alikuwa anatazama saa. "Huyo uliyemtafuta amekwisha kufa. Leo hupandi."

Wenzangu wakapanda, nikabaki nyumba ya wageni nikilia. Halafu nikamwaga kila kitu sakafuni. Nikafunga, nikafungua, nikafunga tena, mpaka mkono wangu ukalijua koleo nikiwa nimefumba macho.

Kesho yake alifukia tena. Hajamaliza kusema, koleo liko mkononi. Nilipouchimbua mkoba na kuuinua juu, yule mzee alipiga mbinja ikarudi kutoka mlimani.

"Nikifukiwa mimi," akasema, "nataka wewe ndiye unichimbue!"

Nikapanda, mwanangu. Nikafika kileleni, nikateremka nikipiga vigelegele peke yangu, na theluji ikiruka pande zote kama unga.

Basi lifungue hilo shanta. Koleo na ile fimbo ndefu ya kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa viwe na mfuko wake, usitie humo hata leso. Kifaa cha kifuani kitie betri mpya, ukivae kabla hujagusa theluji. Zile ngozi za kubandika chini ya ski, zinazokuzuia usirudi nyuma ukipanda, zianike bafuni, usizitandaze juu ya hita kama soksi, gundi itayeyuka. Viatu visikubane wala visikupwaye, rangi isahau. Maandazi chukua, lakini yakae mfukoni mwa koti.

Unanijibu kwa Kiingereza chako kwamba wajua. Nami nilijua.

Mwenyezi Mungu akupandishe salama, akuteremshe ukicheka, na koleo lako lisikute mtu ila mkoba wa mazoezi.

Sikia sasa: zipu imepanda mara moja, haikugoma. Umenibusu mkono, umebeba ski zako begani, na mlango umefungika nyuma yako.