Mji wa Kula wa Mwidani, na Mkilua Uliochelewa

Jua la asubuhi linapenya baina ya nyumba za mtaa mmoja wa Port Reitz, Mombasa, na Mwidani Sharif anasukuma mashine ya kukata nyasi. Anafika ukutani, anageuka, anarudi. Ndege inapita chini ikienda kutua. Mwidani haitazami.

"Nyasi hizi nazinywesha maji mengi kuliko nyumba yangu," asema, akipangusa uso. "Ningeachiwa mimi, hapa pangekuwa na kunde."

Hasemi kwa mzaha. Mwidani, mwenye umri wa miaka hamsini na minane, ametunza bustani za watu tangu ujanani. Hukaa Mtongwe, Likoni, kwenye kipande kilichosalia cha shamba la babu yake baada ya ndugu kugawana na kuuza. Na kwa miaka yote hiyo amekuwa akijenga kichwani mji anaouita Mji wa Kula.

Katika mji huo, ua wa kila nyumba ni mbaazi. Nguzo za taa zimetambaliwa na mipesheni. Foleni ya feri hupita chini ya mipera, na anayesubiri huchuma. Anayeshuka kwenye uwanja wa ndege hagongewi muhuri wa pasipoti; hupewa mche, na haruhusiwi kuingia mjini mpaka aupande.

Na asiyejua kupanda je?

"Polisi watamfunza. Watakuwa na kazi gani nyingine? Mwizi ataiba nini?"

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. "Swali hilo alikuwa akiniuliza marehemu."

Marehemu ni mkewe, Swabra, aliyefariki mwaka juzi kwa maradhi ya moyo. Alikuwa akitunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia ambavyo wanawake hubandika kifuani, na wenye harusi wa Likoni walimjua. Jioni, yeye akitia asumini kwenye uzi na mumewe akimenya muhogo, waliupanga mji huo pamoja. Kisauni wakaipa migomba. Changamwe wakaipa milimau, kwa sababu ya moshi wa malori.

Waligombana kwa jambo moja tu. Katika mji wa Mwidani hamkuwa na ua la kunusa hata moja.

"Akaniambia, 'Baba Zuleikha, mji usionukia si mji, ni ghala.' Nami nikamjibu, tumbo kwanza."

Swabra aliomba pembe moja ya uani, karibu na mlango wa jikoni, apandiwe mkilua. Maua yake, vilua, ndiyo roho ya kikuba, na kila alipopata kazi ilimlazimu kuvuka feri kwenda kuyanunua soko la Marikiti. Uani palikuwa pamejaa muhogo na mipapai. Mumewe akasema watapanda mvua zikija. Mvua zikaja. Akapanda bamia.

"Hakununa," asema Mwidani. "Angenuna, pengine ningesikia. Alichukua kikapu chake akaenda zake feri. Kila mwaka akiniuliza, nami namwambia mvua zijazo. Wallahi sikuwa na ubaya naye. Niliona wakati upo."

Siku ya maziko, wanawake wa mtaa walitaka maua ya jeneza. Binti yao, Zuleikha, akamfuata babake barazani.

"Baba, maua tutoe wapi?"

"Uani palikuwa na chakula cha kulisha matanga mazima," asema Mwidani, na sauti inashuka. "Ua la kumuagia mke wangu, hamna. Ikabidi atumwe mtu Marikiti. Na mimi ni mtunza bustani."

Matanga yalipoisha aling'oa muhogo wa pembe ile, akaenda Mtopanga kwa Bi Mwanatatu, mtungaji vikuba aliyekuwa rafiki ya Swabra, kuomba mche. Wa kwanza ulikauka. Maji ya kisima chake yalikuwa na chumvi. Bi Mwanatatu akampa wa pili bila kumlaumu, na tangu hapo Mwidani huunywesha maji ya kununua.

Sasa mche unamfika magotini.

"Akirudi kutoka kazini haingii ndani kwanza," asema Zuleikha. "Humkuta amechutama pale, akiyahesabu majani. Mamangu angemwona hivi angecheka. Kisha angelia."

Mwezi uliopita Mwidani aliwaendea wakaazi wa mtaa anaoutunza, akaomba sehemu iliyo kando ya ukuta. Mwenyekiti wao, Bi Nyambura, hakuamini masikio yake.

"Kila mwaka huniomba apande sukumawiki, na kila mwaka tunamkatalia," asema Nyambura. "Safari hii akaomba maua. Nikamuuliza kama anaumwa."

Walimkubalia. Anakusudia kupanda safu ya mikilua, na watungaji vikuba wa Likoni na Changamwe waingie wachume bila kulipa. Mji wake ameupanga upya ili unukie, asema, ingawa hana wa kubishana naye.

Lakini mkilua hauna haraka. Zuleikha ameposwa na harusi ni baada ya Ramadhani, wakati mti utakuwa bado haujatoa hata tumba.

"Maua yako tutanunua, mwanangu," Mwidani amwambia bintiye, aliyemletea chai uani kwao Mtongwe. "Hapo nimeshachelewa. Lakini ya mtoto wako, inshallah, hatavuka mtu feri."

Zuleikha anaitikia, "Inshallah, baba," na kumpokea kikombe kitupu.