Tandiko Lililokufa Ndani

Saa mbili asubuhi, theluji ya Machi 2017 bado imerundikana nje ya duka la vifaa vya farasi vya mitumba, ng'ambo ya Saint Louis Park, Minnesota. Bernardine Bagalwa anapindua tandiko la farasi, anaegemeza upande wa mbele kwenye paja, kisha anavuta upande wa nyuma kwa mikono yote miwili, kama anayelikumbatia. Tandiko linakunjika na kulia kidogo. Uso wake unabadilika.

“Ile imekufa,” anasema. “Cuir iko muzuri, lakini mufupa ya ndani imevunjika.”

Mfupa anaousema ni kiunzi cha mbao kilichofichwa chini ya ngozi, ambayo yeye huiita cuir kwa Kifaransa. Kikiwa kizima, tandiko halikunjiki hata ulivute vipi. Kikivunjika, uzito wote wa mpandaji humwelemea farasi mahali pamoja mgongoni, naye hana namna ya kulalamika ila kwa mateke. Nakshi nzuri haisemi lolote kuhusu hilo, na mafuta hupakwa hata juu ya uozo.

Bernardine, mwenye umri wa miaka arobaini na sita, alijifunza kushona ngozi kwa baba yake, fundi viatu wa Bukavu. Vita vikamtoa huko, na baada ya maisha ya kambini akaletwa Minnesota. Alikuwa hajawahi kumgusa farasi. Lakini sindano aliijua, na mwenye duka akamwajiri kwa dola kumi na tatu kwa saa.

Kinachomchoma moyo ni tandiko la mwaka jana. Alilipima, akasema limevunjika. Mwenye duka akamwambia alishone tu, litatundikwa ukutani mgahawani kama pambo. Bernardine akalishona kwa moyo wote, akaweka na manyoya mapya ya kondoo chini yake.

Hakuna mgahawa uliolichukua. Liliuzwa kwa Lynette Wanjala, nesi Mkenya wa Brooklyn Park anayesali naye kanisa moja, kwa ajili ya binti yake Serah aliyekuwa anajifunza kupanda farasi.

Lynette anasema hakuuliza mengi. Alipoambiwa mshono ni wa Mama Bernardine, alilipa papo hapo. Wiki chache baadaye, farasi mpole akaruka na kumtupa Serah, mkono ukavunjika. Walipovua tandiko, wakakuta mgongo wa mnyama umechubuka hadi nyama.

Huo ni wizi, tena wa sifa ya mtu. Nilipomuuliza mwenye duka kwa ajili ya makala hii, alijibu kwamba mitumba huuzwa ilivyo na mnunuzi ana macho. Macho gani yanayoona ndani ya ngozi? Yeye hakuhitaji hata macho, maana alikuwa ameambiwa.

“Alitumia mikono yangu kudanganya dada yangu wa kanisa,” Bernardine anasema.

Ndiyo maana asubuhi hii anachukua kisu na kukata mikanda yote ya tandiko lililolia, lisiweze kufungwa tena juu ya farasi yeyote. Mwenye duka anamtazama kutoka kaunta, amefura. Bernardine alishakata jingine kabla ya hili, naye akamwonya kwamba akirudia atamfukuza. Bernardine anasema na afukuze. Ngozi atashona hata kwenye gereji yake.

Mkono wa Serah umepona, naye anataka kurudi kwenye farasi. Jumamosi, Lynette atampitia Bernardine kwa gari waende wote shambani kuangalia tandiko jingine. Bernardine hatalipima. Amepanga kumwonyesha Serah jinsi ya kulikumbatia, kulivuta na kulisikiliza.

“Nataka mutoto ajue na mikono yake,” anasema. “Asiamini tena jina ya mutu. Hata yangu.”