Halima Yupi? Jinsi Kliniki Yetu Ilivyohama Kutoka Kadi Hadi Kompyuta

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Hadado, sikupewa sindano wala mgonjwa. Nilipewa kalamu. Msimamizi wa Zahanati, mtu mrefu wa Wajir aliyependa chai ya maziwa ya ngamia na kuchukia uvivu, aliniketisha kwenye meza ya kadi akaniambia niandikishe wagonjwa. Nilikuwa muuguzi mpya kutoka Kitui, sare yangu bado ina mikunjo ya dukani, na niliona nimeonewa. Mwanamke wa kwanza akataja jina lake, Halima Abdi Mohamed. Nikaandika, nikamwambia akae. Msimamizi akaichukua ile kadi, akacheka mpaka akakohoa.

"Halima Abdi Mohamed yubi?" akaniuliza. "Sista, hapa Halima Abdi ni mingi kushinda mbuzi ya kisimani. Uliza baba, uliza babu, uliza baba ya babu. Enda mpaka ya sita. Ukikosea jina umekosea dawa, na ukikosea dawa umeua mtu ya watu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa abtirsi, yaani kuutaja ukoo wako kwa majina, kutoka kwako kwenda juu. Msomali hana jina la familia kama wengine wanavyodhani. Ana lake, la baba, la babu, na kuendelea, na hata mtoto anayechunga mbuzi atakutajia bila kumeza mate. Tarehe ya kuzaliwa usiitegemee. Karani wa vitambulisho asipoambiwa siku, huandika tarehe moja Januari, na waliozaliwa malishoni ni wengi. Ukiamini vitambulisho, kaskazini mashariki yote ingekata keki siku moja!

Kutoka Hadado nikahamishiwa Takaba. Muuguzi Mkuu wa huko alinipokea kwa kunionyesha kabati la faili ambalo mchwa walikuwa wameligeuza chakula. Wafugaji walitushinda kwa utunzaji. Walifunga kadi zao kwenye nailoni, wakazichomeka kwenye mizigo ya ngamia, nasi tuliokuwa na kabati na kufuli hatukuwa na kitu. Baadaye nikaletwa Garissa, nikafanya kazi hospitalini mpaka serikali iliponiambia asante, nenda ukapumzike. Sikupumzika. Daktari mmoja, mwenyeji wa mjini hapa, alikuwa na kliniki ndogo ya vyumba vitatu, akaniita nimsaidie.

Asubuhi moja Daktari aliingia amebeba laptopu mbili kifuani kama aliyeokota watoto. "Sista Mwende, kadi imekwisha! Sasa ni kombyuta!"

Watu hudhani sisi wa zamani tuliiogopa kompyuta. Wapi! Mimi nilifurahi kama mtoto siku ya Idd. Nilikuwa nimechoka kupanda kiti kutafuta faili na kula vumbi la Garissa, kumbe mgonjwa angeweza kupatikana kwa kugusa vitufe tu, na historia yake yote, presha, mimba, sindano, ikatokea mbele yangu. Daktari alikuwa na sharti moja. Tungejaribu mpaka Idd. Mashine ikimpa mgonjwa historia ya mtu mwingine, anairudisha ilikotoka na tunarudi kwenye kadi zetu. "Mimi sitaki kombyuta ya kuua watu," alisema.

Fundi wa programu aliitwa Njeri, binti wa Nairobi mwenye vidole vyepesi na maneno mepesi zaidi. Aliweka nafasi tatu za majina na moja ya tarehe ya kuzaliwa, tukaanza kuingiza kadi. Baada ya siku chache nikamwomba anitafutie Halima Abdi Mohamed. Skrini ikajaa Halima, wote wamezaliwa tarehe moja Januari.

"Sista, huyu ni msee mmoja ameandikishwa mara mob," Njeri akasema. "Wacha niwaunganishe, iishe."

"Toa mkono hapo!" Nilipiga kelele mpaka Daktari akatoka mbio, kipimo chake cha kusikiliza moyo kikining'inia shingoni. Alipoona kilichotaka kufanyika, naye akashika kichwa. Katika wale Halima mmoja alikuwa na kisukari, mwingine mja mzito, mwingine alishawahi kufanyiwa upasuaji. Njeri alikuwa karibu kuwafanya mwanamke mmoja mwenye taabu za dunia nzima.

Nilidhani Daktari ataifunga ile mashine hapo hapo. Lakini Njeri hakununa. Alivuta kiti, akaniuliza, "Sasa nyinyi mnawajuaje?" Nikamweleza abtirsi. Macho yakamng'aa. "Mnataka majina mangapi?" Daktari akamwonyesha vidole sita. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kufikia jioni programu ilikuwa na nafasi sita za majina, na juu yake utepe mwekundu wa kutangaza mzio, yaani dawa ambayo mwili wa mgonjwa unaikataa. Kadi za Daktari zilikuwa na majina yote, maana yeye ni mtoto wa hapa. Tukaanza upya, Ramadhani ikatukuta tukichapa. Mimi na Njeri, Wakristo wawili, tulikunywa chai yetu ndani ya stoo ya dawa mlango ukiwa umefungwa, kisha tukarudi kwenye kadi.

Idd ilipokaribia, gari kutoka kambi ya Dagahaley likasimama mlangoni. Bibi mmoja akashuka akimshikilia binti yake. Koo la binti lilikuwa limevimba, limejaa usaha, homa inamchoma hata hajitambui, neno hawezi kutamka. Dawa ya koo la namna ile ni penisilini, na Daktari aliiandika mara moja. Nikamuuliza yule bibi kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru.

"Mimi najua wapi, walaal, ndugu yangu? Yeye aliolewa hapa Garissa, mimi iko Dagahaley, alikuja kuniona tu. Choma yeye sindano haraka, yeye anakufa!"

Sindano ilikuwa tayari mkononi mwangu. Daktari akasema tungoje, tumtafute kwanza. "Ayeeyo, anaitwa nani?" Hivyo ndivyo wajukuu wa hapa humwita bibi.

"Halima."

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Njeri akachapa. "Abdi," bibi akasema. "Mohamed." Skrini bado imejaa. Bibi akaegemea ukuta, akafumba macho, sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya mtu aliyefundishwa ukoo wa mumewe tangu arusi. "Farah." Majina mengi yakatoweka. Njeri akaanza kuruka kitini. "Endelea, shosho, endelea!" "Guled." Wakabaki wawili. Nikasogea mpaka pua yangu ikakaribia kugusa skrini.

"Samatar."

Akabaki mmoja, na juu yake utepe mwekundu ukang'aa: penisilini ilimwangusha, alizimia, nusura afe. Ilimpata papa hapa, kabla mimi sijaajiriwa, na Daktari ameona wagonjwa wengi mno kuwakumbuka wote. Niliiweka ile sindano kwenye trei taratibu kama yai. Daktari akaandika dawa nyingine, kisha akamkumbatia yule fundi wa kompyuta kwa maneno tu, maana mikono isingefaa. Bibi akatutazama, haelewi furaha ile inatoka wapi. Nilipomwambia, alikaa chini sakafuni akamshukuru Mungu. Halima alipona. Mashine haikurudishwa.

Siku alipomrudisha binti kuangaliwa, bibi aliniuliza, "Na wewe, Sista, baba ya babu yako nani?" Nikasema sijui. Akanihurumia kweli kweli. "Maskini! Wewe ukibotea, watakutafuta aje?"

Nimestaafu mara ya pili sasa, na safari hii nimetii. Vijana mnaoingia kazi hii mna mashine nzuri kuliko ile yetu, nami nawaonea wivu, sifichi. Naja kliniki kama mgonjwa, kupimwa presha. Mwezi uliopita karani mpya wa mapokezi, ambaye hanijui kabisa, aliniuliza jina. Nilikuwa nimeshampigia kaka yangu Kitui, naye akaenda kumuuliza mzee wa mwisho wa ukoo wetu aliyebaki na kumbukumbu, na majina yale nikayaingiza kwenye faili langu la kliniki. Nikafumba macho kama yule bibi.

"Mwende. Mutua. Kilonzo. Musyoka. Nzioka. Muli."

"Yuko mmoja tu," karani akasema.

"Ndiye mimi," nikamjibu, na machozi yakanitoka.