Viriba Vilivyochanwa Butihinda

Letisia alizaliwa katika kambi ya wakimbizi wa Burundi, upande wa Tanzania, na hadi leo akienda kununua chumvi soko la Muyinga wauzaji humwita Mtanzania kwa ajili ya Kiswahili chake kilichonyooka. Hilo halimuudhi. Yako mengine yaliyomuudhi, nami nitayasimulia taratibu.

Amepanga chumba katika ua wangu hapa Musinzira, mjini Gitega. Kwa miaka minne alikuwa mhamasishaji wa kujitolea katika shirika moja la vijana na mazingira. Kujitolea maana yake alipewa fulana, nauli ya basi na ahadi. Ahadi yenyewe ilikuwa kontra, yaani mkataba wa kazi: siku moja angeajiriwa kuwa mratibu wa vijana wa Muyinga yote. Aliitaka kazi hiyo waziwazi, bila aibu, kama mtu anayejua kwamba anaiweza.

Kwao ni Butihinda, huko huko Muyinga. Mama yake, Efrazia, aliporudi kutoka uhamishoni alipata shamba kwenye mteremko mkali, na kila masika udongo huteremka bondeni pamoja na maharage yake. Kiangazi kilichopita Letisia aliwakusanya vijana thelathini wa kilima kile, wakiongozwa na Fabiano, mwashi asiye na maneno mengi. Kwa wiki nane walichimba makinga maji kukizunguka kilima, bila kulipwa hata faranga moja, wakitegemea kwamba mvua zikianza shirika lingeleta miche ya kupanda juu ya kingo zake.

Wazazi waliuliza: na miche isipokuja? Letisia aliwajibu jinsi watu wa huko wanavyojibu. Mtungi wa pombe ya mtama uliwekwa katikati, mirija ikatumbukizwa, naye akakaa kati ya wazee akanywa nao mtungi mmoja. Mtu aliyetoa neno lake na kunywa hivyo hawezi baadaye kusingizia ofisi iliyomtuma.

Mkurugenzi wa shirika ni Crispin. Nilimfundisha akiwa mtoto, katika shule ya misheni. Siku zile kila mwanafunzi alikuwa na mti wake bustanini, na likizo haikuanza mpaka asimame kando yake nami nipite nikikagua majani. Miaka ile naikumbuka kwa mapenzi. Mti wa Crispin ulikuwa mzuri kila muhula. Mwaka huu ndipo nimeanza kushuku kwamba alikuwa akisimama kando ya mti wa mwenzake.

Mwanzoni mwa Novemba shirika lilifanya sherehe ya upandaji katika shule moja ya Gitega. Letisia aliandika majina ya wanafunzi arobaini kwenye vipande vya kitambaa cheupe, akavifunga kwenye miche, kisha akaondoka kabla ya kupanda kuanza, kwenda kuwaandaa vijana wa Butihinda.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi ya kazi za pamoja, lori la miche lilipanda kilima, Crispin akiwa ndani, saa nzima kabla ya wageni wafadhili. Vijana walipiga vigelegele. Mawingu yalikuwa yameshajaa upande wa mpakani. Letisia alitwaa mche wa kwanza, akatoa wembe ili akichane kiriba, ule mfuko wa nailoni ambamo mche hukuzwa na ambao lazima uondolewe ili mizizi ipate kutoka.

"Hapana, hapana!" Crispin alimshika mkono. "We usikate hiyo. Muchomeke tu na mufuko yake, mufunike na udongo kidogo."

"Bwana direkta, mizizi itajisokota humo ndani mpaka mti ufe."

"Itakufa namna gani, na kesho tunaitoa?" Alicheka. "Jumatatu iko wageni wengine, kwa kilima ingine. We unafikiri miche mia sita inaanguka toka mbinguni? Wageni wanapiga foto, wanafurahi, wanaenda. Kazi iko vile."

Letisia aliutazama mche aliokuwa ameushika. Kwenye shina lake palining'inia kitambaa cheupe kilichochakaa kwa mvua, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: Ketsia. Akaugeuza wa pili, akaugeuza wa tatu. Vitambaa, majina, mwandiko wake.

"Hii ni ya watoto wa Gitega."

"Walipanda, walipiga foto. Alors, shida iko wapi?"

"Mliwaambia nini mlipoing'oa?"

"Mi niliwaambia iko mugonjwa, tunaipeleka kutunza."

Fabiano alikuwa amesogea na kusikia yote. Aliuweka chini mpini wa jembe polepole. "Dada Letisia, kwa hiyo wiki nane tulikuwa tunachimba mapambo?"

"Sikujua, Fabiano."

"Sijasema ulijua. Nasema ulikunywa na wazee wetu."

Crispin alitoa bahasha katika koti lake na kuipunga mbele ya uso wa Letisia. "Kontra yako hii hapa. Nasaini leo, mbele ya wageni. We mutoto wa kambi, unajua ni wangapi wanaitaka hii nafasi? Fanya akili."

Ameniambia kwamba mpaka hapo alikuwa bado anapima. Neno lile la kambi ndilo lililomaliza kupima.

"Kambini, Bwana direkta, tulipanda miti katika nchi ya watu, hatujui kama tutakaa tuione ikikua. Na hakuna aliyeirudia kuing'oa."

Akakichana kiriba cha mche wa Ketsia toka juu hadi chini, udongo ukamwagika miguuni pake. Kisha akapaza sauti hadi mashamba ya ng'ambo yakasikia: "Chaneni! Chaneni vyote! Kikishachanwa hakuna lori litakalobeba tena!"

Vijana thelathini walishuka juu ya miche ile kwa visu, kwa kucha na kwa meno. Crispin alikimbia huku na huku akipiga kelele za Kifaransa. Mama Efrazia alitoka kwenye maharage yake na mundu mkononi, akamtazama viatu.

"Wewe baba, utavichafua bure kwa kukimbia. Chukua na wewe mmoja uupande, wageni wako hao wanafika."

Wageni walifika kweli, wakaona kilima kizima kikipandwa, wakafurahi kuliko walivyotazamia. Crispin alipiga magoti, akaushika mche, akatabasamu kwa meno yote. Mvua ilinyesha picha zikiendelea kupigwa. Bahasha ilirudi ndani ya koti.

Wiki iliyofuata barua ya kumwachisha Letisia ilifika hapa Musinzira: utovu wa nidhamu. Nafasi alipewa shemeji yake mkurugenzi. Picha ile ya magoti imetundikwa kwenye lango la ofisi, kubwa kama mlango. Nimekwenda nikaiona, na aliyekuwa mwanafunzi wangu akaniamkia kwa heshima zote. Nikaitikia. Nilifunzwa adabu mno utotoni, na siku hiyo adabu ilinichukiza.

"Mzee, sikasiriki kwa ajili ya kontra," Letisia aliniambia akiwa ameketi barazani. "Uongo. Kwa kontra pia nakasirika. Miaka minne, mzee! Lakini wale watoto wa shule. Miti yao niliipanda kwetu kwa mikono yangu, nikijua ni yao."

Alikwenda Butihinda, akachukua miche arobaini ambayo mama yake alikuwa ameiotesha nyuma ya nyumba, akarudi nayo kwenye basi ndani ya vikapu viwili, mapajani na miguuni. Katika shule ile, Mwalimu Martha alimpeleka nyuma ya madarasa. Mashimo yalikuwa wazi, yamejaa maji. Watoto walikuwa wakiyamwagilia kila asubuhi, yawe tayari miche itakapotoka kutunzwa.

Ketsia ni msichana wa miaka kumi hivi. "Wangu umepona?"

"Haukuwa mgonjwa. Ulichukuliwa ukiwa mzima. Sasa umeshika mizizi kilimani kwetu, na mimi ndiye niliyeupanda kule. Siwezi kuurudisha. Nimekuletea mwingine."

Mtoto aliutazama mche bila kuugusa. "Na huu mtaujia lini?"

Letisia alikichana kiriba mbele ya macho yake, akaushusha mche shimoni, akafukia, akashindilia udongo kwa kisigino kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kisha akampa ile nailoni iliyopasuka.

"Kitunze hiki. Akija mtu na lori, mwonyeshe kwamba kimeshachanwa."

Ketsia alikikunja mara nne, akakitia katika mfuko wa sare yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kukimbilia mashimo yao. Yeye aliketi chini kando ya mti wake, akaelekeza uso barabarani.