Kisanduku cha Slaidi na Picha ya Mama

Juzi binti yangu alikuwa sebuleni kwetu hapa Kisumu akichora utumbo wa sungura kwa ajili ya somo la biolojia. Aliutazama kwenye simu, akiukuza kwa vidole viwili. Akaniuliza kama enzi zetu tuliviona vitu hivi kwa hadubini kweli. Nikamjibu kwamba mimi niliviona nikiwa darasa la tatu. Yaliyobaki nitakusimulia wewe, maana yeye nilishindwa kumwambia.

Nililelewa Ahero na nyanya, mama yake mama yangu. Tulimwita Dani. Mama, binti yake wa pekee, alifariki kabla sijajua kutembea, na kilichobaki cha kumwonyesha ni picha moja ndani ya fremu, ukutani juu ya kitanda chetu. Kila asubuhi Dani aliipangusa vumbi kwa ncha ya leso kabla ya kwenda sokoni kuuza matumbo. Mpaka leo nikisikia harufu ya matumbo yakichemka na kitunguu, nauona mgongo wake ulioinama juu ya karai, akiyakwangua kwa kisu na kuyasuuza mara tatu, mara nne, nami nikimletea maji ya bomba kwa kibuyu cha plastiki.

Chumba cha pembeni alimpangisha Mwalimu, kijana aliyefundisha biolojia sekondari ya jirani. Mvua za masika zilipoanza, alikuja na kisanduku cha mbao kutoka maabara, kwa kuwa maabara ilikuwa bondeni na maji yaliingia kila mwaka. Akatufungulia. Ndani zilipangwa slaidi, vipande vyembamba vya kioo, kila kimoja na doa la rangi ya waridi katikati: ini, figo na misuli ya sungura, ngozi ya chura, vyote vimekatwa vyembamba kuliko karatasi.

"Mama," alimwambia Dani, "shule haina zingine. Hizi zikiharibika, watoto wa kidato cha nne watafanya mtihani wa vitu ambavyo hawajawahi kuviona."

Dani akakiweka kisanduku juu ya kabati karibu na mlango. "Nimesikia, Mwalimu. Mimi nitakiangalia."

Mafuriko yalikuja alasiri, jua likiwaka. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu milimani. Sisi hatukuona hata tone. Kwanza kuku walipiga kelele, halafu tukasikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na mto ukawa uani kwetu. Mwalimu alikuwa shuleni. Dani alinipandisha juu ya mkokoteni, akaingia ndani, akatoka na kile kisanduku kichwani. Mkono mmoja ulikishika, wa pili ukanibeba. Maji yalikuwa yamemfika kifuani tulipopanda tuta la barabara kuu. Nyuma yetu kuta za udongo zililainika, nyumba ikalala chini.

"Dani, picha ya Mama iko wapi?"

"Ilikuwa mbali, nyakwara," alisema. Nyakwara, yaani mjukuu wangu. "Kisanduku kilikuwa karibu. Na ni cha watoto wa watu."

"Umebeba nyama ya sungura, ukamwacha Mama!"

Nilipiga kelele hivyo, watu wote waliokuwa tutani wakasikia. Dani aliifunga leso yake upya, akayatazama maji.

Tulihifadhiwa kanisani kwa wiki kadhaa. Mwalimu alipokabidhiwa kisanduku, alikaa chini akalia. Siku chache baadaye alileta hadubini ya shule, akaiweka juu ya meza uani, akakigeuza kioo chake kielekee jua.

"Kaa hapa, Mama. Tazama ulichookoa."

Dani alifumba jicho moja, akatazama kwa muda mrefu. Ghafla akaruka. "Hii naijua! Si ni matumbo haya?"

Ilikuwa kweli. Ulikuwa utumbo mdogo, na vile vinyweleo vyake vimesimama kama vya taulo. Watu walicheka, naye akacheka, mara ya kwanza tangu mafuriko. Akaniita, "Njoo uone, nyakwara." Nilikataa. Nilichungulia baadaye, alipokwenda kuchota maji. Sikutaka anione nikifurahia.

Watahiniwa walizitumia slaidi zile, Mwalimu akahamishwa, nyumba ikajengwa upya kwa mabati. Yale maneno ya tutani Dani hakuyataja tena, na mimi sikuyafuta. Nilikua, nikapata kazi Kisumu. Macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mara ya mwisho nilipomtembelea, tulikuwa tumekaa kitandani, nikamuuliza jambo nililoliogopa miaka yote.

"Dani, Mama alifananaje?"

Aliizungusha ncha ya leso vidoleni mwake.

"Sauti yake ninayo," akasema. "Sura ilinipotea. Hata mimi nilikuwa naitazama ile picha nisimsahau."

Siku ile tutani haikunijia akilini kwamba ile ilikuwa picha ya mtoto wake. Nilimshika mkono nikamwambia pole. Akaitikia kama mfiwa anayepewa pole na jirani, nami nikakosa ujasiri wa kumweleza kwamba nilikuwa naomba msamaha.

Tulimzika kabla mpunga haujavunwa. Soko lake sasa lina vibanda vya simu. Na hakuna tena mtu duniani ninayeweza kumuuliza kama pua hii niliyo nayo ni ya mama yangu.